Baba, tutaipanda lini ndege inayoipita sauti?

Mvua zimeanza huku Ngara, na kijana wangu wa darasa la tano amerudi shuleni na jambo. Mwalimu kawaambia kuna ndege inayokwenda mbio kuliko sauti. "Baba, tutaipanda lini?"

Radi ikanisaidia kujibu. Nikamwambia ahesabu sekunde tangu mwanga uonekane hadi ngurumo isikike. Akafika tisa. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kilomita moja, kwa hiyo radi ilipiga kilomita tatu kutoka kwetu. Ndege ya namna hiyo, nikamwambia, ingetupita kabla hatujaisikia, kisha mshindo wake ufuate na kutikisa mabati. Ni kwa sababu ya mshindo huo Marekani ilizipiga marufuku ndege za abiria kwenda kasi hiyo juu ya nchi kavu, mwaka 1973.

Concorde ya Uingereza na Ufaransa ilibeba abiria tangu 1976 hadi 2003. London hadi New York ilitumia saa tatu na nusu hivi, safari ambayo ndege za kawaida huchukua saa saba au nane. Sasa kampuni ya Boom ya Marekani inataka kuzirudisha. Ndege yake ya majaribio iliipita sauti Januari 2025, na Juni mwaka huohuo Rais Trump akaagiza marufuku ile iondolewe.

Mzazi mwenzangu, tusiibeze kasi. Jirani yangu ana binti anayefanya kazi Muscat. Baba mkubwa wake alipofariki, binti alipata tikiti siku ileile, lakini alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mpaka leo hajalisahau. Ila ukihesabu saa zake, angani kati ya Muscat na Dar es Salaam alikaa tano na ushee tu. Zilizobaki zote zilikwisha kwenye basi, Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, hadi Nyakanazi, na hapo bado akatafuta gari la Ngara. Hata angepewa Concorde, angeokoa saa mbili au tatu.

Na gharama yake? Concorde ilijazwa tani 95 hivi za mafuta kwa abiria 100. Boeing 787-8 ya Air Tanzania hubeba tani 101 hivi, lakini ina viti 262 na huweza kwenda karibu mara mbili ya umbali ule. Isitoshe, Concorde iliruka kilomita 18 juu, mahali ambapo hakuna mvua ya kuosha hewa. Moshi na mvuke hukaa huko muda mrefu, na baadhi ya gesi zake hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Wanaounda hizi mpya wanaahidi mafuta yasiyotokana na petroli, lakini hayo bado ni machache na ya ghali.

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Mkulima wa maharage Rulenge au wa pamba Biharamulo hataikalia siti hiyo, na hali ya hewa ikivurugika ni shamba lake linaloumia.

Kasi iliyotufaa sisi ni ya namna nyingine. Uwanja wa Chato uko jirani zaidi, ila safari nyingi za ndege ziko Mwanza, na kwenda Mwanza kwa njia ya Geita na Sengerema tulikuwa tunasubiri kivuko pale Busisi, siku mbaya hata saa mbili. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa. Sasa ni dakika chache. Saa mbili zile ndizo karibu sawa na ambazo Concorde ingemwokolea binti wa jirani.

Nilimweleza kijana yote haya. Akasikiliza, kisha akauliza nauli. Nikamwambia miaka ya mwisho kwenda na kurudi ilizidi dola 10,000. Akanyamaza kidogo.

"Basi baba, twende tukalione daraja."

Tumepanga likizo ya Desemba.