Sangara wa Port Bell wanakosa pumzi

Ukiteremka Luzira mpaka gatini Port Bell alfajiri, kabla upepo haujaanza, utakuta maji ni ya kijani kizito, kama mtu kamwaga rangi ya mlango. Wachukuzi wamezoea. Mimi bado, maana nimekulia ziwa hili hili upande wa Mwanza, walikokimbilia wazazi wangu miaka ya 1980. Huko tulichota maji ya kunywa pale pale tulipoogelea.

Sasa nafundisha sayansi huku nyumbani, na watoto huniuliza nani aliyemwaga rangi hiyo.

Jibu liko mjini. Mfereji wa Nakivubo hukatiza Kampala ukizoa maji ya vyoo, gereji, masoko na viwanda, kisha hupitia kinamasi na kuingia Ghuba ya Murchison, hapa jirani na gati. Uchafu huo umejaa naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea. Mwani hustawi kama mahindi. Ukifa, vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hubaki bila pumzi.

Ndugu zangu mnaovusha samaki Busia na Mutukula, sikieni hili: sangara ndiye hushindwa mapema. Sato huvumilia zaidi. Mwishoni mwa 2020 hadi Januari 2021, sangara wengi walielea wamekufa katika Ziwa Viktoria na Kyoga. Mitaani ikasemwa kuna aliyetia sumu. Wizara ya kilimo ilieleza kuwa dhoruba zilivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda juu. Dhoruba haikutoka Nakivubo, sawa. Lakini uchafu wa miji ndio unaoongeza maji mfu huko chini, yakisubiri upepo.

Zamani mafunjo ya kinamasi yalichuja sehemu kubwa ya uchafu huu. Leo mengi yamefyekwa, pamepandwa magimbi. Nilimweleza hayo mzazi mmoja, mkimbizi mwenzangu wa zamani, nikiwa nimesimama kwenye tuta lake. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mwalimu, nikiyang’oa, ada ya mtoto utalipa wewe?”

Sikuwa na jibu. Mtoto wake yuko darasani kwangu.

Serikali nayo haikulala. Bugolobi kuna mtambo mpya wa majitaka wenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku. Ila mtambo husafisha kinachoufikia, na wakazi wengi wa Kampala hutumia vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha, yaliyomo huteremka mferejini. Maji ya bomba tulikuwa tukiyategemea Ggaba, kwenye ghuba hii hii. Mwaka 2021 mtambo mwingine ulifunguliwa mbali, Katosi, ambako maji ni safi zaidi.

Jumamosi nilinunua sato wawili karibu na gati. Kabla sijafungua mdomo, muuzaji akaniwahi: “Hawa wa Kalangala, mwalimu, si wa hapa.” Nyuma yake, kijana mmoja alikuwa akikung’uta nyavu mbichi, zimeshika mwani wa kijani.