Vita na Amani Uasin Gishu: Mila za Wanandi na Fitina za Dola

Plateau, kituo cha reli na soko nje kidogo ya Eldoret, kiko kwenye uwanda uliogombewa kwa mikuki, kwa mikataba na kwa hati za ardhi. Wamaasai wa Uasin Gishu walichunga hapa mpaka vita vya karne ya 19 vikawatawanya. Baada yao Wanandi na Wakeiyo wakaingiza mifugo yao, na mwishoni mwa karne hiyo ikaja dola ya Uingereza na mipango yake. Kila afisa aliyetumwa huku alitaka kujua jambo moja: nani mkuu wa watu hawa, ili nizungumze naye, nimnunue au nimwondoe? Wanandi hawakuwa na mtu wa kumwonyesha, kwa kuwa mila yao haikumpa mtu mmoja ukuu wa namna hiyo. Hapo ndipo ilipoanza fitina iliyogharimu maisha ya wengi, na ndiyo sababu mila zao za vita na amani zinafaa kuelezwa kwa makini.

Maisha ya Mnandi yalianzia kwenye kokwet, yaani ujirani wa maboma kadhaa na baraza lake la wazee. Baraza lilikaa chini ya mti. Mwanamume yeyote aliyetahiriwa aliruhusiwa kuhudhuria na kusema, na mwishoni wazee wenye sifa ya kuamua mambo, kiruogik, walitoa kauli iliyokusanya maoni ya wote. Kesi za mipaka ya mashamba, mahari, ng'ombe aliyeingia shambani na ugomvi wa ndugu zilimalizwa hapo. Mzee alifungua kikao kwa dua kwa Asis, Mungu anayeonekana kwa alama ya jua, na waliokaa wakaitikia. Hakukuwa na askari wa kutekeleza hukumu. Aliyeikaidi alijitenga na majirani zake, na kwa mfugaji anayehitaji mikono ya wenzake wakati wa ukame na wa uvamizi, hiyo ilikuwa adhabu kali.

Juu ya kokwet ilikuwapo pororiet, kikosi cha eneo kilichounganisha ujirani mwingi. Hapa ndipo mambo ya vita yalipoamuliwa. Nchi nzima iligawanyika katika wilaya za jadi zilizoitwa emet, miongoni mwake Mosop, Aldai, Emgwen, Chesumei na Wareng, hii ya mwisho ikiwa ile iliyopakana na uwanda wa Uasin Gishu. Vijana wa pororiet walipotaka kwenda kuteka ng'ombe, hawakuinuka tu na mikuki yao. Wazee wao walishauriana kwanza, kisha habari ikapelekwa kwa orkoiyot, mwonaji wao, kupitia wajumbe wake, maotik, waliokaa na kila pororiet. Orkoiyot alitazama ishara, akaruhusu au akakataza, na waliorudi na ushindi walimtolea sehemu ya mifugo.

Orkoiyot alitoka katika ukoo wa Talai, wenye simba kama mnyama wao wa ukoo. Wazee husimulia kwamba asili yao ni waganga wa Kimaasai waliokimbilia kwa Wanandi na kupokewa. Aliheshimiwa, tena aliogopwa, kwa kuwa aliaminiwa kuona yajayo. Lakini hakuhukumu kesi za kokwet, wala hakuongoza vijana vitani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vikosi ambavyo bila yeye vingepigana kila kimoja peke yake.

Uzi mwingine ulioshona jamii ulikuwa rika, ibinda. Majina ya marika ni saba na huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, kisha Maina tena. Mwanamume aliingia rika lake kwa kutahiriwa na kufundishwa jandoni, na hakutoka humo mpaka kufa. Wanarika waliitana ndugu kwa maana kamili: hairuhusiwi kumwoa binti wa mwanarika wako, kwa kuwa ni binti yako. Ulinzi wa nchi ulikuwa mikononi mwa rika moja kwa wakati, na baada ya kila miaka 15 hivi ilifanyika saget ab eito, sherehe ya kuchinja fahali ambapo rika lililozeeka liliwakabidhi vijana nchi mbele ya watu wote. Hivyo waliopigana walijua tangu mwanzo kwamba iko siku watavua majukumu hayo na kuketi na wazee.

Kwamba orkoiyot hakuwa mfalme kulidhihirika karibu na mwaka 1890. Kimnyole arap Turukat, aliyekumbukwa kwa kutabiri nyoka wa chuma atakayepita akitoa moshi, alilaumiwa kwa maafa yaliyoipata nchi na kwa vijana waliopotea vitani. Wanandi wenyewe wakamuua kwa marungu. Baada yake wanawe wawili, Kipchomber arap Koilegen na Koitalel arap Samoei, waligombea nafasi hiyo. Koitalel alishinda, na Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis, ambako alipokewa kama orkoiyot.

Katika miaka hiyohiyo Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki kwa mapatano ya 1886 na 1890. Carl Peters aliwahi kuvuka nchi hii akielekea Uganda ili kuiwahi kwa ajili ya Ujerumani. Waingereza, wakitaka kushika chanzo cha Nile kabla ya wengine, walianza reli kutoka Mombasa mwaka 1896, na njia ilipita ukingoni mwa nchi ya Wanandi. Mwaka 1895 mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, aliuawa na Wanandi, na serikali ikatuma jeshi la kuadhibu. Majeshi yakaendelea kutumwa: 1897, 1900, 1903 na 1905. Vijana walikata waya za simu kutengeneza mapambo, wakachukua bolti za reli kutengeneza silaha. Maafisa waliona wizi. Vijana waliona mali ya adui aliyeingia bila kuomba njia.

Dola haikuwa na askari wa kutosha kuishinda nchi hii peke yake, ikategemea uhasama uliokuwapo. Wamaasai walikuwa wamedhoofika kwa sotoka na ndui, na baada ya kifo cha Mbatiany, kiongozi wao wa kidini, wanawe Olonana na Sendeyo walipigania urithi. Olonana aliegemea upande wa Waingereza. Mamia ya moran, wapiganaji vijana wa Kimaasai, wakaingia nchi ya Wanandi pamoja na majeshi ya serikali, wakilipwa kwa ng'ombe waliotekwa. Magharibi, Mumia, mtawala wa Wanga, alikuwa tayari rafiki wa serikali.

Uhasama wa jirani na jirani ulikuwa na mipaka yake kimila. Nyasi zilizoshikwa mkononi zilikuwa ishara ya amani kwa Wanandi na Wamaasai vilevile, na aliyezishika alilindwa. Watu walioporana ng'ombe msimu huu walioana na kuuziana nafaka msimu uliofuata. Serikali ilipoajiri upande mmoja, vita vilikosa wazee wa kuvimaliza, kwa sababu aliyevianzisha hakuketi katika baraza lolote la hapa. Wala Wamaasai hawakufaidika: mkataba wao wa 1904 uliahidi kudumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo, na mwaka 1911 walianza kuhamishwa kutoka Laikipia.

Wakati huohuo uwanda wenyewe ulikuwa ukitolewa zawadi Ulaya. Mwaka 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, waziri wa makoloni Joseph Chamberlain alipendekeza kuwapa Wazayuni ardhi Uasin Gishu. Tume yao ilikuja kuikagua mwanzoni mwa 1905, na mkutano wao wa Basel wa mwaka huo ukaikataa. Watu wale waliteswa kweli na walihitaji kimbilio. Kosa lilikuwa la mtoaji, aliyehesabu malisho ya msimu kuwa nchi tupu kwa sababu hakuona nyumba.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikwenda kukutana na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, huko Ket Parak, Nandi Hills, akiamini wanazungumzia amani. Alipigwa risasi na kuuawa, pamoja na watu zaidi ya ishirini waliofuatana naye. Meinertzhagen alidai kuwa aliviziwa. Hata hivyo, katika shajara aliyoichapisha mwaka 1957 alieleza kwamba alikuwa amepanga kumkamata au kumuua. Kwa mila ya Wanandi, aliyeita watu kwenye amani kisha akamwaga damu ameharibu neno lenyewe la amani. Jeshi likaendelea kuchoma nyumba na kuteka maelfu ya ng'ombe, na sehemu za Wanandi zilizokuwa karibu na reli zikahamishiwa ndani ya hifadhi waliyotengewa. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Van Rensburg walifika uwandani kwa magari ya ng'ombe.

Vita Kuu vya 1914 vilipokuja, Wanandi wengi waliandikishwa katika King's African Rifles kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Shukrani waliyoipata ni kunyang'anywa ardhi ya Kipkarren na Kaimosi, ikapewa walowezi waliotoka jeshini. Ikafuata kodi, na karantini ya sotoka iliyowazuia kuuza ng'ombe ili walipe hiyo kodi. Mwaka 1923 ulipokuwa wakati wa saget ab eito, serikali iliona katika mkusanyiko wa marika njama ya maasi. Sherehe ikapigwa marufuku mwezi Oktoba, na orkoiyot Barsirian arap Manyei akakamatwa. Aliachiwa mwaka 1964, baada ya uhuru. Alizuiliwa miaka 40 kwa sherehe ambayo kiini chake kilikuwa kukabidhiana madaraka kwa amani.

Mbinu hii ya dola kutumia uhasama wa wenyeji haikuwa ya Uasin Gishu tu. Katika Vita Kuu hivyohivyo vya 1914, kusini mwa Uajemi, Mjerumani Wilhelm Wassmuss aliwachochea Watangistani na Wakashkai dhidi ya Waingereza, nao Waingereza, chini ya Percy Sykes, wakaunda mwaka 1916 jeshi la wenyeji, South Persia Rifles. Huko nako madola mawili yalitafuta machifu wa kununua, yakafanya ugomvi wa malisho na wa koo kuwa sehemu ya vita vyao, na vita vilipokwisha wenyeji wakabaki na makaburi na njaa.

Mwaka 2006 mwana wa Meinertzhagen alirudisha fimbo tatu za Koitalel, na leo ziko katika makumbusho ya Nandi Hills. Ni jambo la heshima. Lakini urithi mkubwa zaidi ni ule utaratibu wa kokwet. Uasin Gishu imeona majirani wakichomeana nyumba mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, na kila mara kulikuwa na watu wa mbali waliotaka jamii nzima isemewe na mtu mmoja, na jirani ahesabiwe adui kwa ajili ya kura. Wazee wa Kikalenjin na wa Kikikuyu walioketi pamoja baadaye walifanya kazi ambayo amri ya serikali isingeweza kuifanya, kwa sababu walikaa kama majirani watakaoendelea kuonana sokoni.

Vijana wa Plateau, wawe wa kabila lolote, wanahitaji kufundishwa jambo hili pamoja na majina ya marika: vita visivyoamuliwa katika baraza lenu si vyenu, na anayewaletea uadui bila kukaa nanyi kuumaliza hawatakii heri. Wanandi walilijua hilo kabla ya reli kufika. Ni elimu ya kiraia iliyokomaa, na shule zetu zinapaswa kuifundisha hivyo.