Umesahau nywila ya kompyuta? Usikimbilie kupiga Windows

Likizo ndefu zikiisha, mafundi wa kompyuta maofisini hupata wateja wa aina moja. Mtu alikuwa akiandika nywila yake kila asubuhi bila kufikiri. Amekaa wiki tatu kijijini, amerudi, na sasa haiji. Kijana hucheka. Aliyevuka miaka 50 huingiwa na hofu: je, ndio mwanzo wa maradhi ya kusahau?

Kwa walio wengi, hapana. Ubongo unafanya kazi yake kama kawaida, na kompyuta pia.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima muda anaookoa anapozikariri tena. Baada ya siku moja tu, muda aliouokoa ulikuwa takriban theluthi. Nywila imara ni kitu cha namna hiyo hiyo: herufi, tarakimu na alama zisizo na kisa, na ubongo hushika kisa kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, kwa kuwa kukariri upya kulimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza, ni wazi kwamba kilichosahauliwa hakikuwa kimefutika chote.

Sababu ya pili ni kumbukumbu zinazofanana kuingiliana. Mfanyakazi anayelazimishwa kubadili nywila kila baada ya miezi mitatu huishia na Mwanza2023, Mwanza@2024 na Mwanza2024! kichwani, na zote humjia kwa pamoja. Kwa kutambua madhara ya mtindo huo, mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa kufuata kalenda pasipo dalili kwamba imevuja.

Ya tatu ni hofu yenyewe. Mtu akifadhaika, mwili humwaga homoni ya kortiso, na homoni hiyo hutatiza uwezo wa kuvuta kumbukumbu. Kadiri unavyokosea ndivyo unavyopaniki, na kadiri unavyopaniki ndivyo unavyozidi kukosea.

Kwa hiyo, acha kwanza. Ondoka mezani, rudi umetulia, keti kama ulivyozoea na uache vidole viandike bila kuvitazama. Mazoea ya mikono huhifadhiwa kwa njia tofauti na maneno. Angalia taa ya Caps Lock. Angalia pia lugha ya kibodi kwenye kona ya skrini: ikihama kutoka ya Marekani kwenda ya Uingereza, alama ya @ na alama ya kunukuu hubadilishana nafasi. Unaweza kuandika nywila sahihi mara kumi na ikakataliwa mara zote kumi.

Wakati wa kumwona daktari

Kusahau nywila peke yake si dalili ya ugonjwa. Mwone daktari iwapo unapotea kwenye njia unayoipita kila siku, unarudia swali lile lile ndani ya saa moja, au unashindwa shughuli ulizozizoea kama kupika na kuhesabu chenji. Si kila tatizo la namna hiyo ni la uzee. Kukosa usingizi, sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na baadhi ya dawa huweza kudhoofisha kumbukumbu, na mengi ya hayo yana tiba.

Kompyuta nayo haiijui nywila yako

Wengi humwambia fundi, "Si uitoe tu humo ndani?" Haimo. Ulipoiweka nywila, kompyuta iliipitisha kwenye hesabu ya njia moja, ikahifadhi jibu tu. Hesabu mashuhuri ya aina hiyo, SHA-256, hutoa jibu ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha herufi moja tu ya nywila, jibu hubadilika kabisa. Huwezi kulirudisha jibu nyuma ukapata nywila. Kila unapoingia, mashine hupiga hesabu upya na kulinganisha majibu.

Basi, kurejea kwenye kompyuta ni kuthibitisha kwamba ni wewe, kisha kuweka nywila mpya.

Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, tumia simu kufungua ukurasa wa Microsoft wa kubadili nywila. Utatumiwa namba ya uthibitisho kwa barua pepe au simu uliyoisajili. Kisha unganisha kompyuta na intaneti ili iipokee nywila mpya. Kama akaunti ni ya kompyuta hiyo pekee, kwenye Windows 10 za kuanzia 2018 na Windows 11, ukikosea utaona kiungo cha kubadili nywila, mradi uliweka maswali ya usalama. Mac, kwa kawaida, ukikosea mara kadhaa hukupa nafasi ya kutumia akaunti ya Apple au ufunguo wa urejeshaji. Kompyuta ya ofisi mwachie msimamizi wa mfumo.

Kabla ya kumkabidhi fundi mashine ili apige Windows upya, muulize mafaili yatasalimika vipi. Kompyuta nyingi za kisasa hufunga diski nzima kwa usimbaji. Ukiona skrini ya buluu ya BitLocker, yaani usimbaji huo kwenye Windows, inataka ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya akaunti yako ya Microsoft. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye skrini na iliyo kwenye akaunti, kisha uandike. Bila ufunguo, hakuna fundi atakayeyatoa mafaili hayo, hata akiihamishia diski kwenye mashine nyingine. Akikuahidi kwamba ataweza, linda fedha zako.

Kinga inafanyika kompyuta ikiwa bado inafunguka. Leo hii hakikisha namba ya simu na barua pepe ulizosajili bado unazitumia. Andika ufunguo wa urejeshaji kwenye karatasi, uuweke pamoja na vyeti vyako. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Kwa nywila ijayo, chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, marefu kwa mdukuzi na mepesi kwako, na usitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa.