Mizani ya kahawa, mizani ya mapenzi

Mnunuzi wa kahawa mjini Mbale haliamini gunia kwa macho. Hulipandisha kwenye mizani. Shairi la mapenzi nalo lina mizani yake, ila kinachopimwa ni silabi, na kipimo ni sikio.

Tuseme mchuuzi wa Mbale, ambaye kwao husemwa Kigisu, amempenda binti wa Jinja, mji wa Wasoga. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, naye anamtungia ubeti:

Jinja uliko, mwandani, nakuletea salamu,
Wewe ua la mbuni, harufu yako ni tamu,
Nimekuweka moyoni, kukusahau vigumu,
Nangojea jibu Mbale, moyo wangu utulie.

Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8, jumla 16. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina cha kati "ni" na cha mwisho "mu". Sikio likishazizoea sauti hizo, mshororo wa nne unaziacha, na ombi linasikika peke yake. Mishororo minne kwa ubeti ni umbo la zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitumia mwanzoni mwa karne ya 19.

Hatari iko kwenye mshororo wa pili. Mbuni, mti wa kahawa unaostawi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, una silabi tatu: m-bu-ni. Ukiibana "m" ishikamane na "b", zinabaki mbili: mbu-ni, yule ndege mkubwa asiyeruka. Kipande kimepungua mizani moja, na binti aliyesifiwa kwa ua anasikia habari za ndege.

Kiswahili kinachovuka mpaka wa Busia na Malaba ni cha bei, uzito na ushuru. Namba zikieleweka, matamshi husamehewa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini uamuzi wa serikali haumfundishi mtu kubembeleza. Hilo hufundishwa na sikio.

Kwa hiyo, kabla ya kuutuma ubeti Jinja, mchuuzi na ausome kwa sauti, akigonga meza kwa kila silabi. Ikigongwa mara nane, kipande kimetimia. Ikigongwa mara saba, mpenzi amepunjwa.