Uzi ulioshona tumbo la mama unakwenda wapi?



Juma hili tunajibu ulizo linalorudi mara nyingi tunapokutana: mama akipasuliwa ili mtoto atoke, uzi uliomshona ndani unabaki? Kuna wanaosema uzi ule unafunga kizazi. Wengine wanasema kidonda kikikauka kwa nje, kazi imekwisha, mimba nyingine ije tu. Maneno hayo mawili yote ni hatari. La kwanza linamfanya mama aikimbie hospitali, la pili linamharakisha.

Nyuzi ni za namna mbili

Kuna nyuzi zisizoyeyuka, kama hariri na nailoni. Mara nyingi zinashona ngozi ya juu, kisha munganga anazitoa. Ndani ya tumbo wanatumia nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Ya zamani ni kategati, inayotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au wa ng'ombe. Mwili unaisaga kidogokidogo, kama tumbo linavyosaga nyama. Tangu miaka ya 1970 zimekuja nyuzi za kiwandani, kama Vicryl. Hizo zinakatwakatwa na maji ya mwili mpaka zinakwisha.

Nguvu ya uzi inakwisha kabla ya uzi wenyewe. Vicryl, baada ya majuma 2, inabaki na nguvu ya robo tatu hivi. Baada ya majuma 3, nusu. Na kati ya siku 56 na 70 haiko tena. Uzi mwingine, polidioksanoni, unachukua miezi 6 hivi. Maana yake, uzi ni kama fimbo ya kushikilia mche: unasaidia mpaka nyama ijishike yenyewe.

Mahali pengine uzi usioyeyuka unaleta shida kweli. Katika kibofu, chumvi ya mkojo inaushika na kugeuka jiwe. Ndiyo sababu waganga wanaotengeneza fistula, ugonjwa ambao hospitali ya Panzi kule Bukavu inajulikana kwa kuutibu, wanashona kibofu kwa uzi unaoyeyuka.

Mashine inaona nini?

Radio, ile inayopiga picha ya mifupa, haiuoni uzi wa kawaida. Mionzi inaupita kama inavyopita nyama. Ekografi ni tofauti. Inatuma sauti ambayo masikio yetu hayasikii, na sauti hiyo inaporudi inakuwa picha. Katika majuma ya kwanza uzi unaweza kuonekana ndani ya kidonda kama vidoa au mistari myeupe, kisha vinafifia. Ekografi haina mionzi, wala haiunguzi mtoto.

Kule Houston, Marekani, watafiti wametia chembe ndogo sana za dhahabu katika polidioksanoni, ili skaneri iuone uzi, na wamejaribu kwa wanyama. Wanataka kujua, bila kupasua tena, kama kitu kilichowekwa mwilini kinayeyuka upesi mno au polepole mno. Hiyo bado ni kazi ya utafiti. Kwa hiyo mama asihangaike kutafuta picha ya uzi, na asimlipe mtu yeyote anayemwahidi kumtoa uzi tumboni.

Kovu ndilo linalobaki

Uzi ukikwisha, kinachobaki ni kovu katika tumbo la uzazi, na kovu hilo ndilo litakalovutwa mimba nyingine ikikua. Mwaka 1996, munganga Rozenberg na wenzake wa Ufaransa waliandika juu ya wamama 642 waliokuwa wamepasuliwa zamani. Waliwapima kwa ekografi karibu na kuzaa, kuona unene wa ukuta mahali pa kovu. Walioonekana na zaidi ya milimita 4.5, hakuna hata mmoja aliyekutwa na kovu bovu. Wenye milimita 2.5 au chini, walikuwa 16 kwa 100. Kipimo hicho peke yake hakiamui namna ya kuzaa, lakini kinamsaidia munganga kujipanga.

Tufanye nini?

Kabla ya kutoka hospitali, omba waandike katika fishi yako tarehe, sababu ya kupasuliwa, na namna walivyokata tumbo la uzazi. Iweke pamoja na karatasi ya chanjo ya mtoto.

Majuma 6 ya kwanza, usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Dumu la maji na mfuko wa mahindi, wengine wabebe. Na kutwanga kuwe kwa wengine.

Ukiona homa, usaha, harufu mbaya, damu nyingi au kidonda kufunguka, rudi hospitali siku ileile.

OMS inashauri kungoja miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa aliyepasuliwa, shauri hilo lina uzito zaidi.

Mimba nyingine ikija, anza kupimisha mapema na useme wazi: "Nina kovu." OMS inashauri ekografi moja kabla ya majuma 24. Usizalie nyumbani. Kama kijiji chako kiko mbali, sogea karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji siku zako zikikaribia; uchungu haungoji gari la moshi la Kamina.

Wapapa na mama wakwe, ukurasa huu ni wenu pia. Mama anayengoja miezi yake si mvivu, wala kizazi chake hakijafungwa. Anakipa kovu muda wa kukomaa, ili mtoto anayefuata azaliwe mzima na amkute mama yake.