Programu haijagoma, inakusubiri

“Prof, programu imegoma. Nimeandika simplify mara tatu, jibu ni lile lile.” Kila mwezi wa mitihani swali hilo hunijia hapa Bunia, na karibu kila mara kwenye kioo kuna SymPy, programu ya aljebra ya Python, na kipeuo cha pili cha x². Mwanafunzi anataka kuona x peke yake. Akishindwa, anatumia dawa ambayo wenzake wamempa: amri ya powdenest yenye force=True. Papo hapo x inatoka, na mwenyewe anashangilia.

Dawa hiyo ni sumu. Weka x = −3: mraba wake ni 9, kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Jibu lako zuri linasema −3. Chora basi √(x²) kuanzia −1 hadi 1, utapata pembetatu mbili zenye jumla ya eneo 1. Tafuta integrali ya x katika mipaka hiyo hiyo, unapata 0. Eneo zima limetoweka kwa neno moja la force, na hakuna onyo lolote jekundu lililotokea. Neno hilo maana yake ni “usiangalie masharti, unganisha tu”, nalo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya programu, ambayo hakuna anayeyasoma. Mwanzoni, ulipoandika simplify, SymPy iliacha usemi ulivyo kwa sababu hukuiambia x ni namba ya aina gani. Usiposema, inaihesabu kuwa inaweza kuwa hata namba changamano. Ukitangaza real=True inakupa |x|. Ukitangaza positive=True inakupa x, bila kulazimishwa na mtu.

Wengine wananiambia watahamia programu za kulipia, Maple au Mathematica, kana kwamba pesa ndiyo inayopungua. Mwaka 1968 mwanahisabati Daniel Richardson alithibitisha kwamba ukichanganya x na π, ln 2, sin, exp na thamani kamili, hakuna utaratibu wa kukokotoa unaoweza kuamua kwa kila usemi kama ni sifuri au siyo. Hakuna leseni inayonunua kisichowezekana. Tena “rahisi” ni rahisi kwa kazi gani? Gawanya x¹⁰⁰ − 1 kwa x − 1, utapata vipande 100 vya kujumlisha. Mimi nitaacha sehemu yangu ilivyo.

Haya, fanyeni hivi. Tangazeni aina ya x kwanza. Itajeni kazi mnayoitaka: factor kwa vigawo, expand kwa kufungua mabano, trigsimp kwa sin na cos, sqrtdenest kwa √(5 + 2√6), ambayo ni √2 + √3. Nusu ni Rational(1, 2), 0.5 inaleta makadirio, na 0,5 ya madaftari yetu inasomwa kama namba mbili. Jibu likitofautiana na la kitabu, toa moja kutoka kwa lingine kisha rahisisha tofauti. Kwa sehemu za polinomia, cancel itakata shauri. Kwingineko jaribuni thamani kadhaa: moja ikikataa, yamekwisha, zote zikikubali, bado hamjathibitisha kitu.

Na cancel yenyewe inageuza (x² − 1)/(x − 1) kuwa x + 1, ingawa kwenye x = 1 usemi wa kwanza hauna thamani. SymPy haitakukumbusha, sharti hilo liandike mwenyewe.