Barua pepe za siri: namna ya kuzitunza na kuzitafuta



Wengi wenu mnatuma kwa barua pepe habari nzito: orodha za familia zilizohama, majina ya mashahidi, malalamiko ya waliotendewa mabaya. Habari hizo zikiangukia mikono mibaya, mtu anaweza kupoteza maisha. Ndiyo sababu wengine wameanza kufunga barua zao kwa ufunguo. Hapa tunaeleza namna ya kuzitunza na kuzitafuta zikiisha kufika katika kompyuta yako.

Ufunguo unafanya nini?
Programu ya Thunderbird, ambayo ni ya bure, ina njia ya kufunga barua ndani yake tangu mwaka 2020. Njia hiyo inaitwa OpenPGP. Kila mtu ana funguo mbili. Ule wa wazi anawapa wenzake, nao wanautumia kufunga barua wanazomwandikia. Ule wa siri hampi mtu, kwa kuwa ndio unaozifungua. Maneno ya barua yanageuzwa kuwa fumbo, lakini jina la mtumaji, la mpokeaji na tarehe vinabaki wazi. Katika programu nyingine hata kichwa cha barua kinaonekana.

Kwa nini ni vigumu kutafuta?
Kompyuta haioni neno lililo ndani ya fumbo. Ukitafuta jina la kijiji, barua iliyofungwa inaweza isitokee. Watu wakichoka, wananakili barua zote zikiwa wazi. Siku kompyuta ikiibiwa, mwizi anasoma kila kitu.

Tunashauri hivi:
- Katika kichwa cha barua andika namba tu, kwa mfano "Taarifa 14". Usitaje mtu wala mahali.
- Weka daftari la namba na maana yake ndani ya diski iliyofungwa.
- Tafuta kwa namba, kwa mtumaji au kwa tarehe.

Namna ya kutunza
Funga diski nzima ya kompyuta. Mac ina FileVault, baadhi ya Windows zina BitLocker, na VeraCrypt inapatikana bure. Kumbuka kwamba diski hiyo inalindwa kompyuta ikiwa imezimwa kabisa. Ukiiacha inawaka, umeacha mlango wazi. Neno la siri liwe refu, kwa mfano maneno sita yasiyohusiana.

Weka nakala ya ufunguo wa siri katika flashi, nayo ifungwe kwa neno la siri, kisha itunzwe mahali pengine na mtu mnayemwamini. Ufunguo ukipotea, hakuna fundi atakayezifungua barua zako.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma, kambi za kandokando ya mji zilivunjwa na familia zikahama tena. Anayekimbia hana nafasi ya kupanga kompyuta. Kazi hii ifanyike wakati kuna utulivu.

Mwisho, hakuna programu inayomlinda mtu anayelazimishwa kutoa neno la siri. Kwa hiyo tunawaomba viongozi: tunzeni yale tu yanayohitajika, na mengine myafute. Jina ambalo halimo katika kompyuta haliwezi kuibiwa humo.